Lengalenga kwa Mkono Mmoja

Tangu kiharusi kilipouchukua mkono wangu wa kushoto na kuulegeza mguu, hakuna mtu katika nyumba hii iliyojaa watoto wa ndugu aliyenipa kazi. Wananipa chai. Wananipa kiti chenye mto, wananipa rimoti ya televisheni hata umeme ukiwa umekatika. Nikigusa ufagio, mtu anaupokea. Nikishika kisu ndiyo balaa, nyumba nzima inainuka: "Mama, wacha, utajikata! Ikala tu!" Mimi niliyefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, niliyewashikisha kalamu watoto wa nusu ya mtaa huu wa Naviundu, leo naambiwa nikae. Wote wananipenda, najua. Lakini kupendwa namna hiyo kunachosha, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi.

Basi binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akapata mchumba. Wakubwa walikaa wakazungumza, mambo yakaenda vizuri, ikabaki shughuli moja tu kabla ya ndoa: siku ya kumfungulia mkwe chungu. Sisi ni watu wa Pweto, kule ziwani, na kwetu mkwe hali nyumbani kwa wakwe zake hata njaa imuume vipi, mpaka afunguliwe chungu. Kijana wa watu alikuwa akija kumsalimia binti yangu, anakaa ukingoni mwa kiti, macho chini, hata maji ya kunywa anakataa. Mimi hakuwahi kunitazama usoni, na ndivyo inavyotakiwa. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali.

Siku ya chungu, nyama inapikwa na yeyote. Samaki pia, na bukari, ugali wetu, pia, hata jirani anaweza kuusonga. Lakini mboga ya majani ni ya mama wa binti peke yake, tangu shina mpaka bakuli, na mtu mwingine hatii hata kidole. Bibi yangu alinieleza sababu nikiwa bado msichana. Nyama, alisema, ni ya siku moja moja. Majani ndiyo ya kila siku, na mkwe anataka kujua kila siku yake itakuwaje. Kwa hiyo upande wa mwanamume huja na shangazi mmoja ambaye kazi yake ni kunawa mikono, kuingiza vidole katika ile mboga, na kuigeuzageuza akitafuta shina gumu. Akilipata, analiinua juu watu wote walione. Nimeshuhudia wanawake wakilia kwa ajili ya shina moja.

Na kama mama wa binti hawezi? Hapo anasimama mwingine badala yake, na huyo ndiye mkwe atamwita mama. Si kwa siku ile tu. Yeye ndiye atakayesalimiwa kwanza akija, yeye ndiye atakayeitwa kulea mtoto akizaliwa. Yule mwingine atabaki kuwa mgonjwa aliyekaa pembeni.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuja kutoka kwake mtaa wa Golf na gari lake na manukato yake, akakaa mbele yangu akanishika goti. Ana nyumba kubwa, na ana moyo mkubwa vilevile, siwezi kumsema vibaya.

"Yaya, usijitese," akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Ile siku mimi njo nitachambula majani. Wee utavaa kikwembe yako ya muzuri, utaikala ku kiti, bantu bakusalimie."

"Kikwembe nitavaa," nikamjibu. "Na majani nitachambula."

"Na mukono gani?"

Alijuta neno lile kabla halijamaliza kutoka, nilimwona. Akaweka kiganja mdomoni. Mimi moyo ulinipasuka, lakini sikumpa nafasi ya kuliona hilo.

"Na ule Mungu aliniachia," nikasema, nikaomba chai yangu.

Kusema ni rahisi. Aliyewahi kuchambua lengalenga, mchicha wetu, anajua kwamba mkono mmoja unashika mche na mwingine ndio unaovua majani. Mkono mmoja peke yake unabembeleza tu. Siku iliyofuata nilituma nikaletewa fungu moja kutoka bustani za akina mama kule mtoni, nikajifungia jikoni. Nilijaribu kuubana mche chini ya kwapa, ukateleza. Nikajaribu kuubana kati ya vidole vya mguu, halafu nikajiuliza, wee mwanamke, ndiyo majani ya mkwe hayo? Mwisho nikauma shina kwa meno na kuvuta majani kwa mkono wa kulia. Hapo ndipo binti yangu alipofungua mlango akanikuta na mche unaning'inia mdomoni kama mbuzi. Tulitazamana. Akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka akaanza kulia.

"Mama, wachaga. Mama mudogo atafanya."

"Futa machozi," nikamwambia. "Nani kafa?"

Kesho yake alitoka kazini mjini akiwa na kitu kidogo kwenye karatasi. Kilikuwa kibao cha chuma chembamba, kimekatwa umbo la jani, kina matundu ya kila ukubwa, kuanzia la kupitisha kijiti cha kiberiti mpaka la kupitisha kidole. Alikiona dukani, penye vyombo vya watu wanaopika kwa persili na majani mengine ya harufu. "Ni ya kuchambulia, mama. Unapitisha shina mu kitundu, unavuta. Majani inabakia huku, shina inatokea kule." Akakishika kwa mkono wake wa kushoto, akavuta kwa wa kulia, na majani yakadondoka mezani safi kabisa. Akanitazama kwa furaha. Kisha furaha ikamwisha, maana naye alikuwa ameona. Kile kidude kilitengenezwa na watu wenye mikono miwili, kwa ajili ya watu wenye mikono miwili.

"Acha hapo," nikasema. "Nenda ukabadilishe nguo."

Nilikikodolea macho kile chuma mpaka chai ikapoa. Meza yetu ya jikoni aliitengeneza marehemu mume wangu, naye hakuwa seremala bali mtu mkaidi. Mtoto wa meza, ambaye sisi hapa tunamwita tirwari, hakuwahi kuteleza vizuri hata siku moja. Kumfungua ni vita na kumfunga ni vita. Kwa maisha yangu yote ya ndoa nilimlalamikia mume wangu juu ya tirwari ile. Sasa nikaifungua kidogo, nikakisimamisha kile kibao pale kwenye mdomo wake, matundu yakiwa juu, nikaisukuma kwa nyonga. Ikauma. Nikakitikisa kibao, hakikusogea. Nikapitisha shina, nikazunguka kwa mkono uleule, nikalishika kwa upande wa pili na kuvuta. Majani yakaanguka mezani. Aa! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza ukutani kama nimeanguka.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo ilikuwa mteremko. Kuna siku nilivuruga fungu zima. Tundu likiwa kubwa, majani yanapita pamoja na shina, yanatoka yamechanika. Tundu likiwa dogo, shina linakwama na kukatika, na kipande kinabaki kimejificha ndani ya majani, kipande kilekile ambacho shangazi wa watu atakiinua juu. Na kulikuwa na kosa jingine lililonitesa zaidi, kosa la mazoea. Kwetu mboga ikiingia nyumbani inaoshwa kwanza, huo ndio usafi tuliofundishwa na mama zetu. Nami niliiosha. Mashina yakawa yanateleza vidoleni, siwezi kuyakaza, nasonya peke yangu, natukana chuma. Nilichukua muda kukubali kwamba safari hii nichambue kwanza, na matope yake, kisha ndipo nioshe. Nikaongeza kitu kingine: kisahani cha unga wa bukari pembeni. Nachovya vidole, nashika shina, halitoki tena. Vidole vyangu viligeuka kijani na vyeupe. Kila asubuhi nilikuwa pale, kila asubuhi, na watu wa nyumba walikula lengalenga mpaka wakaanza kuikimbia meza.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa uani tangu mapema, mbabula za makaa zikawashwa, kuku wakawa wananukia, na samaki wa Pweto waliotumwa na ndugu zetu wakalowekwa. Mimi nilikuwa jikoni na furushi la lengalenga karibu lifike kiunoni. Mlango niliuacha wazi makusudi. Nilitaka waone kwamba sijifichi na kwamba sisaidiwi. Wakaja wakachungulia, mmoja mmoja, mikono ikiwawasha. Binti yangu alipita akijifanya anatafuta kijiko.

Mdogo wangu aliingia na sufuria yenye kifuniko, akaiweka chini pembeni ya mguu wangu, akainama sikioni.

"Yaya, nimepika ingine ku nyumba. Nilichambula mwenyewe. Kama yako inaharibika, tunabadirisha tu. Hakuna muntu atajua."

Hasira ilinipanda, jamani, mpaka jicho moja likaanza kucheza. "Rudisha mu motokari."

"Yaya..."

"Rudisha mu motokari, mbele sijaimwaga!"

Hakusogea. Akakaa kwenye kigoda, na pale kwenye kigoda, na gauni lake la gharama, akaanza kulia kama tulivyokuwa tukilia utotoni. "Mi naogopa," akasema. "Batakucheka. Batasema ile mama iko kilema, nani atachunga mutoto akizaliwa. Siwezi kusikia bantu banakucheka, yaya. Siwezi."

Basi hasira nayo ikatoka. Kumbe kwa muda wote ule sikujua kwamba yeye anaogopa kuliko mimi. Nikamwambia, "Bacheke. Mi nitakuwa nachambula." Akafuta uso, akachukua sufuria yake, akairudisha garini. Mimi nikasukuma tirwari kwa nyonga nikaendelea.

Nilichambua, nikaosha kwa maji mengi, nikakatakata kwa kisu kikubwa huku sahani nzito ikiwa imelala juu ya majani kuyatuliza. Nikapika kwa karanga za kutwangwa, moto mdogo, nyanya kidogo. Nilipofunua kile chungu na kuonja, nilijiambia, wee mama, umeweza. Nikapakua kwenye bakuli la bibi yangu. Na hapo hapo, na upawa bado mkononi, nikaganda.

Nilikuwa nimefikiria mashina tu. Siku zote zile nimefikiria mashina, na sikuwaza hata mara moja kwamba chakula cha mkwe kinatolewa kwa mikono miwili. Mama anapiga magoti, anashika bakuli huku na huku, anampa. Kwetu ukimpa mtu kitu kwa mkono mmoja ni kama umemtupia. Tangu mtoto anapojifunza kutambaa anafundishwa hilo, nami nimewafundisha watoto wa watu wangapi darasani, mikono miwili, mikono miwili! Leo nimelisahau mimi.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Aliona nilipoona. Akanyoosha mikono yake, mizuri, yote miwili, wala hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Lete, yaya. Umemaliza kazi. Mi nipeleke tu."

Nilitamani kumpa. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshakuwa mzito, mgongo unaniuma, na nje watu wameshakaa wakisubiri. Lakini yule atakayeliweka bakuli mbele ya mkwe ndiye mama, mila haitazami nani alichoka jikoni. Nikalibana bakuli kwenye mbavu kwa mkono wa kulia, joto lake likapenya kikwembe mpaka kwenye ngozi. "Nipishe," nikasema. Akanipisha.

Njia ya kutoka jikoni mpaka kwenye mkeka ni fupi, na siku ile haikuwa fupi. Upande wa mwanamume ni watu wa Kasai, wazaliwa wa hapa hapa Lubumbashi. Mila hii si yao, lakini walipoelezwa, shangazi yao aliipenda kuliko sisi wenyewe, na sasa alikuwa ameshanawa, vidole vimeinuliwa juu vikidondosha maji. Nikaburuta mguu mbele yao wote. Nikapiga magoti, vibaya, bakuli likayumba, mtu akasema "Yo!" Nikaliweka mkekani mbele ya mkwe. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikaushika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, nikaulaza kwenye ukingo wa bakuli. Nikaweka wa kulia kwenye ukingo wa pili. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, ili hata wa nyuma wasikie:

"Hii ya kushoto inachelewaka, lakini iko."

Yule kijana, macho chini bado, akasogea kwa magoti. Akapitisha viganja vyake chini ya bakuli, akaliinua taratibu sana, na mikono yangu yote miwili ikainuka nalo. Alingoja nimwachie. Nilimwachia.

Shangazi hakupoteza wakati. Akaingiza vidole, akageuza huku, akageuza kule, akachimba mpaka chini. Akasimama. Akatoa kitu kirefu, cha kijani, akakiinua kwenye mwanga. Mdogo wangu nyuma yangu akasema jina la Bwana. Shangazi akakiminya kati ya kucha, kikapondeka chote. Kilikuwa kilele tu, kile kichanga cha juu kabisa, kinacholiwa. Akakitia mdomoni akatafuna.

"Iko laini," akasema, kwa masikitiko kidogo, nafikiri. "Nani alichambula?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na tirwari," nikasema.

Binti yangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mdogo wangu, kisha wote, na mkwe akakata tonge la kwanza maishani mwake nyumbani kwangu. Alichovya kwenye majani. Nyama aliigusa baadaye.

Ndoa ilipita. Nilidhani pengine sasa wa nyumbani watanipa hata kazi ya kukunja nguo. Wapi! Waliridhika kwamba nimeshaonyesha nilichotaka kuonyesha, wakanirudishia kiti, mto na rimoti. "Mama, ulichoka sana ile siku, ikala tu." Kile kibao kikalala ndani ya tirwari pamoja na vijiko.

Halafu Jumamosi moja, mdogo wangu akiwa amekuja kunitembelea, tukasikia hodi. Alikuwa mkwe, peke yake, viatu vimejaa matope ya mtoni. Kifuani amekumbatia furushi la lengalenga, na mizizi yake na udongo wake, kubwa kuliko lile la siku ya chungu. Mdogo wangu akaruka kutoka kitini kama kawaida ya nyumba hii.

"Leta, mwanangu, leta, mi nichambule."

Kijana akampita kwa adabu, akainama, akaliweka furushi miguuni kwangu. Udongo ukamwagika kwenye sakafu iliyodekiwa asubuhi ile. Macho yake hayakuinuka.

"Mama, munichambulieko," akasema. "Nitarudia saa ya kula."

Akatoka. Nilimsikia akifunga geti. Nilibaki nautazama ule uchafu wote niliopewa mimi na si mtu mwingine, machozi yakanitoka, na sikuyazuia. Tangu niugue, ndiye mtu wa kwanza aliyeingia katika nyumba hii akaniomba kitu. Nikasimama, nikalibana furushi kwenye mbavu, nikaelekea jikoni. Mdogo wangu akanifuata mpaka mlangoni, mikono mbele.

"Yaya, nikusaidie?"

"Ikala tu," nikamwambia, nikamwonyesha rimoti kwa kidevu.